Land Rover na Hadtopu kwenye Milima ya Karagwe

Kwenye karatasi, Toyota Land Cruiser HZJ75, ile tunayoiita hadtopu, inaizidi Land Rover 110 ya injini ya 300Tdi kwa takriban nguvu 20 za farasi. Yapeleke magari hayo mawili Nyakasimbi, wilayani Karagwe mkoani Kagera, yapakie magunia ya kahawa ya maganda, abiria wakae juu ya magunia, kisha yaelekeze kwenye mlima wa udongo mwekundu mwezi Aprili, mvua ikiwa imekolea. Ile tofauti inayeyuka. Gari lililoongoza kwa hesabu za kiwandani linajikuta bega kwa bega na mwenzake. Hata hivyo, ukiuliza leo ni lipi kati ya hayo mawili linalobeba wagonjwa, chanjo na maofisa wa halmashauri huko Karagwe na Kyerwa, utajibiwa Toyota. Land Rover iliitawala milima hii miaka mingi, kisha ikaiachia nafasi. Namna ilivyotokea ni sehemu ya historia ya Karagwe yenyewe, na inastahili kusimuliwa kwa uangalifu kuliko mabishano ya kijiweni.

Kabla ya gari, Karagwe ilifikiwa kwa miguu. John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe, Novemba 1861 wakiwa na msafara wa wapagazi. Henry Morton Stanley alifuata mwaka 1876. Pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilipita Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, vyote vichwani na mabegani mwa watu. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na tangu hapo ziwa likawa lango: mzigo ulishuka melini, kisha ukaanza kupanda magharibi kwenda kwa Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Safari hiyo ni ngumu kwa sababu ya umbile la nchi. Migongo ya milima imelala kaskazini kwa kusini, na anayetoka ziwani kwenda mpaka wa Rwanda huikatiza mmoja baada ya mwingine, akipanda, akishuka, na kukuta bonde la majimaji katikati. Barabara za udongo zilipochongwa enzi za Mwingereza, zilifuata njia hiyo hiyo, na kila gari lililokuja lilipimwa nayo.

Land Rover ilizinduliwa kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia jipu la Kimarekani la Willys kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, akaona Uingereza nayo inaweza kuunda gari la shambani. Chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, ila aluminiamu ilipatikana, na rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Kwa hiyo uhaba wa nyumbani kwao ukawa faida ya huku kwetu: bodi ya aluminiamu hailiwi na kutu, na ikibonyea fundi huinyoosha kwa nyundo na kuipiga ribiti.

Toleo lililokuja kujulikana zaidi vijijini ni 109, namba inayotaja umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi, yaani karibu mita 2.77. Series III, iliyotoka mwaka 1971 na kutengenezwa hadi 1985, ndiyo ambayo watu wazima wengi wa leo waliikuta kwenye mlango wa zahanati, misheni au kituo cha polisi. Injini yake ya petroli ilikuwa na silinda 4, ujazo wa cc 2,286 na nguvu za farasi 70 hivi. Kwa macho ya leo hiyo ni nguvu ya gari dogo la mjini. Ila gari hili halikujengwa kwa ajili ya kukimbia. Juu ya sakafu ya kabini, pembeni mwa gia ya kawaida, kulikuwa na vishikio viwili: kimoja chenye kichwa cha njano na kingine chenye kichwa chekundu. Dereva aliyeona matope mbele alikikandamiza cha njano, magurudumu ya mbele nayo yakaanza kuvuta. Mlima ukizidi, alisimamisha gari, akakivuta nyuma chekundu, na kuanzia hapo injini ilinguruma kwa nguvu huku gari likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Betri ikifa, taniboi alichomeka hendeli kwenye bampa ya mbele, akazungusha, na gari likawaka.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa hafu shafti, yaani ile nondo inayotoka kwenye diferensho kwenda kwenye gurudumu. Katika 109 za zamani, dereva aliyeachia klachi kwa pupa, gari likiwa limejaa na gurudumu moja limezama, alisikia mlio mmoja mkavu na safari ikaishia hapo. Watengenezaji walitia ekseli imara zaidi ya Salisbury nyuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, na malalamiko yakapungua. Udhaifu wa pili ulikuwa kiu. Kwa lita 18 hadi 20 za petroli kila kilomita 100, tena barabarani tu bila kukwama, 109 ilikuwa mzigo kwa ofisi yoyote baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwishoni mwa 1973. Ilikuwepo ya dizeli pia, yenye nguvu za farasi 62 tu, na dereva aliyekatiza milima ya Karagwe nayo alijifunza subira.

Mwaka 1977 ndio uliolijeruhi gari hili kuliko mlima wowote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Magari ya Land Rover yalikuwa yakiunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya, na Nairobi ndiyo iliyokuwa ghala kubwa la spea katika kanda hii. Mpaka huo ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo vikaja Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Kyaka ndipo barabara ya Karagwe inapokutana na ile ya Bukoba kwenda Mutukula, hivyo njia ya kwenda mjini ikawa inapita ukingoni mwa uwanja wa vita. Serikali ilichukua magari na malori ya raia kwa ajili ya jeshi. Vita vilipokwisha 1979 nchi ilikuwa imekaukiwa fedha za kigeni, na hali ikawa ngumu hadi katikati ya miaka ya 1980.

Mtu aliyekuwa na Land Rover wakati huo hakuwa na duka la spea la kuendea. Gari lililokufa liliwekwa juu ya magogo na kuchunwa taratibu ili mengine yatembee: kabureta likaenda huku, stata kule, ekseli ikaombwa na misheni. Hapo ndipo mafundi wa Kagera walipoonyesha uwezo wao. Spea za kuchonga, bushi zilizokatwa kwenye tairi chakavu, springi zilizofuliwa upya kwa moto wa mkaa, vyote vilitumika. Uganda ilipotulia, soko la Kisekka na mafundi wa Katwe jijini Kampala wakawa karibu kwa mtu wa Kagera kuliko Dar es Salaam. Ni haki kusema kwamba Land Rover ilidumu kwa sababu ilikuwa rahisi kufungua na kufunga, na fundi mwenye spana chache aliielewa yote. Ila gari linaloishi kwa kuchuna wenzake hupungua kila mwaka, na baada ya miaka kumi pengo lilikuwa kubwa.

Kwenye pengo hilo ndipo Toyota ilipoingilia.

Historia ya Land Cruiser ilianza Januari 1951 na gari lililoitwa BJ, lililotengenezwa Japani kwa mfano wa jipu. Julai mwaka huo dereva wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Magari ya Toyota yalianza kuuzwa Tanzania miaka ya 1960 kupitia kundi la Karimjee. Kwa muda mrefu Land Cruiser nyingi zilikuwa za petroli, na injini zao kubwa za silinda 6 hazikumfaa mtu anayehesabu kila lita. Mambo yalibadilika kwa dizeli. HJ47 ya mwaka 1980 ilikuja na injini ya 2H: silinda 6, cc 3,980, nguvu za farasi zaidi kidogo ya 100, na taimingi inayoendeshwa kwa gia za chuma bila mkanda wa kukatika. Injini hiyo ilikuwa nzito, yenye kelele na isiyo na haraka, na ilikubali kuteswa kwa namna ambayo madereva wa enzi hizo waliiheshimu sana.

Familia ya 70 ilizinduliwa Novemba 1984, na mwaka 1990 ikapata injini iliyoifanya hadtopu iwe hadtopu tunayoijua: 1HZ, cc 4,164, nguvu za farasi karibu 130, bila turbo, na kichwa chake cha silinda kikiwa cha chuma. HZJ75 ndefu ilikuwa na mita 2.98 kati ya ekseli, benchi mbili za pembeni nyuma, na matangi mawili ya dizeli ya lita 90 kila moja kwa matoleo mengi. Iliyofungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele Watanzania waliiita mkonga, na jina likakaa.

Waingereza hawakulala. Mwaka 1983 walitoa One Ten, yenye koili badala ya springi za vyuma vilivyopangwa kwa tabaka, na magurudumu yote manne yakivuta muda wote. Mwaka 1990 ikapewa jina la Defender na injini ya 200Tdi, na 1994 ikaja 300Tdi: silinda 4, cc 2,495, turbo, nguvu za farasi 111.

Mwaka huo huo wa 1994 ndipo magari haya mawili yalipokutana Kagera kwa wingi usiokuwa umewahi kuonekana. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa 24 tu, karibu wakimbizi 250,000 wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wengine waliingia Karagwe, na kambi zikawekwa Chabalisa, Kagenyi na kwingineko. Nyuma yao walikuja Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika mengi ya misaada, na pamoja nao misururu ya magari meupe. Kwa miaka miwili na nusu, hadi wakimbizi waliporudishwa kwao Desemba 1996, barabara za Karagwe zilipigwa na magari ya aina hizi mbili usiku na mchana, kiangazi na masika. Jaribio refu na kali namna hiyo hakuna kiwanda kinachoweza kuligharimia.

Sasa turudi mlimani, kwenye zile nguvu 20 za farasi.

Sehemu kubwa ya nyanda za Karagwe na Kyerwa iko kati ya mita 1,400 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Chukua 130 za 1HZ, ondoa asilimia 16 kwa mita 1,600, unabaki na 109. Turbo ya Tdi inakamua hewa hiyo nyepesi na kuishindilia ndani ya silinda, hivyo 111 zake zinabaki karibu zilivyo. Kwa nguvu ya kuzungusha, ile inayolitoa gari mahali lilipolala na mzigo, kiwanda cha Toyota kinataja nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na cha Land Rover 265 kwenye mizunguko 1,800. Nayo 1HZ inapungua kwa mwinuko, wakati Tdi inaifikia yake mapema zaidi. Magari yote mawili yalikuwa na uzito wa karibu tani 3 yakijaa mzigo unaoruhusiwa. Katika mlima mrefu, basi, Land Rover haikuwa mnyonge hata kidogo, na ilifanya kazi hiyo kwa dizeli pungufu kwa lita mbili au tatu kila kilomita 100.

Kushuka, ilikuwa bora zaidi. Gia ndogo ya Land Rover inapunguza mwendo kwa uwiano wa 3.32, hivyo dereva aliweza kuteremka mteremko wenye utelezi akiiachia injini ishike gari, mguu ukiwa mbali na breki. Anayejua udongo wa Karagwe ukilowa anaelewa thamani ya jambo hilo, kwa sababu gurudumu lililofungwa na breki kwenye udongo huo halina tena mwenyewe.

Kwenye matope ya bondeni pia Land Rover ilikuwa na la kujivunia. Magurudumu yake manne yalikuwa tayari yakivuta, na dereva alisukuma kishikio kimoja tu kufunga difloki. HZJ75 nyingi zilikuwa na habu za kufungwa kwa mkono. Dereva akisahau kuzifunga mapema, taniboi alilazimika kushuka kwenye tope lililomfika magotini, akapapasa chini ya maji katikati ya gurudumu la mbele, akafuta udongo kwa kidole gumba hadi akione kishikio, kisha akakizungusha upande mmoja na kuzunguka gari kufanya vivyo hivyo upande wa pili. Uzito wa injini ya silinda 6 nao uliikandamiza pua ya Toyota chini.

Kwa nini basi Toyota ilishinda? Ilishinda siku iliyofuata, gari likiwa gereji.

Turbo inataka adabu. Baada ya kupanda mlima mrefu, injini inapaswa kuachwa ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili ipoze shafti ya turbo. Dereva wa ofisi anayebadilishwa kila mwezi hafanyi hivyo. Kichwa cha silinda cha Tdi ni cha aluminiamu, na maji yakipungua rejeta bila mtu kugundua, kichwa hicho hupinda. Maji yenyewe yalipenda kuvuja kwenye gasketi ndogo nyuma ya pampu ya maji. Mkanda wa taimingi wa 300Tdi za mwanzo ulikuwa na kasoro ya kukaa upande na kuliwa mapema, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Wapenzi wa Toyota husahau kwamba 1HZ nayo ina mkanda, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Tofauti ni kwamba vingine vyote hapo ni chuma kinene na injini isiyojisukuma kupita kiasi. Ikipewa oili safi na dizeli iliyochujwa, hufika kilomita 500,000 bila kufunguliwa kichwa, na hizo ni hesabu za kawaida kwa 1HZ popote inapotumika Afrika.

Juu ya hilo kulikuwa na mkono wa mnunuzi. Mashirika ya misaada yaliagiza Land Cruiser kwa wingi, mengi kupitia ghala la Toyota lililoko Gibraltar, na yalipofunga kazi, magari yao yaliuzwa kwa mnada au kukabidhiwa halmashauri, hospitali na makanisa. Spea zikafuata magari, na mafundi wakafuata spea. Kijana aliyejifunza ufundi Kayanga au Omurushaka mwishoni mwa miaka ya 1990 alishika 1HZ mara kumi kabla ya kushika Tdi moja. Kwa maoni ya makala hii, hapo ndipo shauri lilipokatwa: Land Rover ilikosa spea mwaka 1977 kwa sababu za kisiasa, na ilipopata gari zuri la kurudi nalo, gereji zilikuwa zimeshahama.

Kwenye bodi tu ndipo Waingereza hawajawahi kushindwa. Aluminiamu ya 110 ya miaka 30 bado ni nzima huku chesisi ikiwa imeliwa na kutu nyuma. Hadtopu huanza kuoza kwenye mifereji ya paa, chini ya vioo na kwenye matao ya magurudumu, na ukungu wa Karagwe hauisaidii.

Siku hizi kazi ya abiria imeyatoka magari yote mawili. Lami ya Kyaka hadi Bugene, karibu kilomita 60, ilijengwa miaka ya 2010. Kyerwa ikawa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Hiace, magari madogo na bodaboda vimechukua watu, na malori ya Fuso yamechukua kahawa, ndizi na maharage. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kwa mamia, ishara kwamba yameanza kupendwa kama kumbukumbu. Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani tarehe 29 Januari 2016. Hadtopu mpya yenye 1HZ ile ile ya mwaka 1990 imeendelea kuuzwa Afrika baada ya hapo.

Anayetafuta moja ya haya mawili leo kwa ajili ya shamba la Nyakasimbi na aanze kwa kumtafuta fundi, ndipo atafute gari. Akimpata anayeijua Tdi na kuwa na mahali pa kupata gasketi na mkanda halisi, anunue Land Rover kwa moyo mweupe: atatumia dizeli kidogo na hatauogopa mteremko wowote. Aikague chesisi ya nyuma kwa nyundo, na aulize mkanda ulibadilishwa lini. Asipompata fundi huyo, anunue HZJ75, aichunguze kutu ya paa, na aikatae kabisa ile iliyofungwa turbo ya mtaani, kwa sababu kichwa cha 1HZ hupasuka kwa mzigo ambao hakikutengenezwa kuubeba.